Asubuhi Niliyokataa Kuitikia Shikamoo

Sijawahi kuvuta sigara maishani mwangu. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia kwamba nina ugonjwa sugu wa mapafu huniuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya chini, kama ananisitiri. "Mwalimu, kumbe ulikuwa unavuta?" Ndiyo, nilikuwa navuta. Nilivuta moshi wa kuni za kubanikia samaki kwa miaka ishirini na miwili, kila siku baada ya kufunga darasa, kando ya ziwa, khanga kiunoni na machozi yakinichuruzika. Hakuna aliyenikataza. Walinisifu. Walisema mwalimu yule ni mchapakazi, asubuhi yuko ubaoni na jioni yuko kwenye tanuri. Nyumba yangu ya Kiseke, ile iliyo juu kule penye mawe, ilitoka kwenye tanuri hilo, tofali kwa tofali. Kwa hiyo ukinikuta nahema njiani, usinionee huruma ya kanisani. Nahema kwa sababu ya kazi niliyoifanya.

Kikohozi chenyewe kilikuja taratibu. Wanawake wote wa matanuri tulikuwa tunakohoa, na tulikiita kikohozi cha kazi, basi. Nilipostaafu ndipo nilipoanza kuona kwamba kilima nilichokipanda miaka yote huku nikipiga soga sasa kinanisimamisha mara mbili, mara tatu. Nilikuwa nasimama kwenye geti la jirani nikijifanya natazama maua yake. Jirani akadhani nayapenda kweli, akanipa miche.

Walinipima kifua kikuu mara tatu, na mara zote tatu hakikuonekana. Hata hivyo habari hutembea, na kwenye jumuiya yetu ya sala nikaanza kupewa chai kwenye kikombe cha peke yake, chekundu, kisichoguswa na mwingine. Nilikinywea wiki mbili. Wiki ya tatu nilikitia kwenye mkoba nikaenda nacho nyumbani. Walinipa wenyewe.

Mwishowe hospitali kubwa walinipulizisha kwenye mashine, wakaniambia mirija ya hewa imesinyaa na haitarudi ilivyokuwa. Ugonjwa hautapona, wakasema, ila unaweza kushikiliwa. Na zitakuwepo siku ambazo utachachamaa, na siku hizo ndizo za kuangaliwa. Wakaniandikia pampu ya kuvuta na kunielekeza nihudhurie zahanati ya mtaani kwetu. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Mara ya kwanza ugonjwa ulipochachamaa nilikaribia kufa kwa sababu ya adabu.

Mimi ni mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, na kwetu salamu ni shughuli. Bibi yangu alikuwa akimrudisha mtoto barabarani aje upya kama alisalimia huku amesimama wima. Unasalimiwa, unaulizwa umeamkaje, unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kila moja unaijibu kwa ukamilifu wake. Asiyemaliza salamu ama ana ugomvi na wewe ama ameanza kurukwa na akili. Na ukishakuwa mtu mzima, tena mwalimu, shikamoo za mtaa mzima ni zako, na kila moja inadai marahaba yake.

Basi asubuhi ile nilifika zahanati kifua kimenibana, nikaketi kwenye benchi, na benchi zima likanisalimia. Marahaba. Nzuri. Hawajambo. Tunamshukuru Mungu. Kati ya jibu moja na jingine nilifumba mdomo nikatabasamu ili nipate kuvutia hewa puani, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa benchi. Niliwapisha akina mama wawili wenye watoto wachanga. Nilipoingia ndani, tabibu, mwanamke wa rika la binti yangu mkubwa, aliinuka kidogo, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani? Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Wako Dodoma."

Nikainama kwenye mkoba nikajifanya natafuta kadi, kumbe natafuta pumzi. Kipimo chao cha kidole, kile cha kupimia oksijeni, siku hiyo kilikuwa kimeishiwa betri. Aliponiuliza najisikiaje, nikasema ni kikohozi tu kidogo. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu. Akanipa dawa ya maji, akaniambia nirudi baada ya siku tatu.

Kesho yake jirani wa maua alinikuta nimekaa sakafuni jikoni, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nililazwa siku sita mjini, mpira wa oksijeni puani.

Watoto wangu watatu walikuja wote. Siku ya nne walisimama kuzunguka kitanda wakajadiliana habari zangu mbele yangu, kama wanaojadili ng'ombe wa urithi. Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, ndiye aliyetoa hukumu.

"Mama, tumekubaliana. Ukilazwa tena, hata kwa siku moja, unahamia kwangu. Nyumba tutaipangisha."

Nilitaka kumwambia kwamba nyumba ile sikuijenga ili wageni waje kupigilia misumari kwenye kuta zangu. Sikuwa na pumzi ya kusema hayo. Kichwa kilitikisika kwa kukohoa, nao wakahesabu kwamba nimekubali. Nilirudi Kiseke nikijua kwamba kulazwa mara moja tu kutanitoa kwangu moja kwa moja.

Niliporudi zahanati kuonyesha karatasi za hospitali, tabibu alizisoma zote, kisha akainuka akafunga mlango.

"Mwalimu, ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Nilikusalimia."

"Ndiyo hivyo hivyo. Mgonjwa wa kifua namsikiliza kabla sijamgusa. Akiongea mpaka mwisho, natulia. Maneno yakimkatikia njiani, nakimbia. Wewe uliniitikia zote, tena na wajukuu ukaniambia wako Dodoma."

"Nililelewa hivyo."

"Hata mimi nililelewa hivyo. Bibi yangu alinichapa kwa ajili ya hilo hilo. Lakini nakuomba, siku ukija umebanwa, usinisalimie. Na huko nje usimwitikie mtu. Hata akiwa askofu."

Nilimwambia hajui anachoniomba. Akasema anajua vizuri, na kwamba na yeye ana kosa lake, maana alimwona mwalimu akasahau kumwona mgonjwa. Nilimpenda kwa hilo. Si wengi wanaokiri kosa mbele ya mtu aliyeumizwa nalo.

Akaniuliza kama naitumia pampu. Nikamwonyesha: nikaipulizia mdomoni kama mtu anayejipulizia marashi, nikameza. Alishika kichwa. Kumbe miezi yote ile dawa ilikuwa ikiishia kwenye ulimi. Akachukua chupa tupu ya maji, ile ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto mpaka mdomo wa pampu ukaingia na kukaza. Akanifundisha: tikisa, toa pumzi, funga midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja, vuta taratibu, shikilia, halafu rudia. Kila nilipokosea alinirudisha mwanzo. Nimewafundisha watoto kushika penseli kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nilikuwa nafundishwa kuvuta hewa kupitia chupa ya maji. Nilinuna, lakini nilijifunza.

Kisha akaniandikia karatasi ya kubandika jikoni. Maswali matatu ya kujiuliza kila asubuhi. Pumzi imepungua kuliko kawaida yangu? Makohozi yameongezeka? Yamebadilika rangi? Mawili yakiwa ndiyo, nije siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, nisingoje yaishe yenyewe. Nikishindwa kuongea kabisa, au midomo ikibadilika rangi, au nikianza kusinzia na kuchanganya maneno, nisije kwake. Niende moja kwa moja hospitali. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, akaandika maneno ya kumwelekeza mhudumu yeyote nitakayemkuta: MGONJWA HUYU AKIINGIA BILA SALAMU, AMEBANWA. MPIMENI KWANZA.

Nilianza kuwaandaa majirani. Niliwaambia kwamba siku nikiinua mkono, kiganja wazi, bila kusema kitu, wajue pumzi ni haba, wasinidhanie vibaya.

"Kwa hiyo sasa Mwalimu tutapungiana mikono kama wanasiasa?" jirani wa maua akauliza.

"Mimi ndiye nitakayepunga," nilimwambia. "Wewe utaendelea kunisalimia."

Miezi ikapita vizuri. Nilipanda kilima kwa vituo vyangu, na maua niliyopewa yakashika kwenye mawe. Halafu mama mdogo akafariki ng'ambo.

Zamani kwenda msibani upande ule kulikuwa kungojea kivuko, na kwenye foleni ya kivuko unawasalimia watu hadi koo linakauka. Sasa gari linapita darajani bila hata kupunguza mwendo, na nilishuka Busisi nikiwa na pumzi yangu yote. Niliihitaji. Msibani, mwanamke wa umri wangu nafasi yake ni jikoni, kwenye mafiga, na mafiga siku hizo yalikuwa sita, kuni nusu yake mbichi. Nilichukua kiti changu nikakiweka upande upepo unakotokea, mbali, peke yangu.

"Mwalimu wa mjini," wifi yangu akasema kwa sauti ya kusikika. "Moshi wetu unamchafua."

"Moshi wenu ninao tayari kifuani," nilimjibu. "Sina pa kuuweka mwingine."

Nilikaa pale siku mbili, wakinisema, nami nikimenya viazi. Siku ya tatu wakaleta sato waliobanikwa, na nikamwona mtu akiwatumbukiza kwenye sufuria bila kuwasuuza, majivu na vumbi lote. Miaka ishirini na miwili ya samaki ilinipanda kichwani. Niliinuka nikasema, "Hebu nipisheni," nikasimama juu ya mafiga nikiwaonyesha namna samaki wa moshi anavyopikwa. Nusu saa nzima. Nasema wazi kwamba hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa najisikia fahari, wifi yangu akanyamaza, na samaki wakawa watamu.

Asubuhi ya tatu baada ya kurudi Kiseke, nilisimama mbele ya karatasi ya jikoni nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Makohozi yalikuwa ya kijani. Nywele nilishindwa kuzichana. Mikono ikipanda juu ya kichwa, pumzi inakatika. Nilivuta pampu kwa chupa kama nilivyofundishwa, ikanipa nafuu ya dakika chache, kisha kifua kikarudi pale pale.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu za kijinga. Nikienda zahanati, wataniandikia rufaa. Nikipewa rufaa, nitalazwa. Nikilazwa, naondoka kwangu. Kwa hiyo nisiende. Nilizima simu nisije nikapigiwa na binti yangu akasikia sauti yangu. Nilifunga pazia la mbele. Nilichukua ufagio nikatoka uani nifagie, jirani anione kwamba niko mzima. Nilifagia mara tano. Mara ya sita nilikuwa nimeegemea ukuta wa tofali zangu, mdomo wazi, na ufagio uko chini.

Nilikaa kwenye kizingiti, na hasira ikanipanda. Si hasira ya ugonjwa. Nilikasirika kwamba mimi, niliyesimama mbele ya wakaguzi bila kutetemeka, nilikuwa najificha nyumbani kwangu na pazia limefungwa, nikiwakwepa watoto niliowanyonyesha mwenyewe. Nikasema kama ni kutolewa, nitatolewa nikiwa nimepigana. Nikaingia ndani, nikabandua karatasi ukutani, nikachukua chupa na pampu, nikamwashiria dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Wa kwanza kuniona alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa baba wa watu na kitambi juu, amempakata mwanawe. Aliinuka kwa heshima zote kunipisha.

"Mwalimu, shikamoo!"

Nikainua mkono, kiganja wazi.

Akadhani sikusikia. "Mwalimu! Shikamoo!"

Benchi zima likageuka. Marahaba ilikuwa pale pale kwenye ulimi, imejipanga, inataka kutoka yenyewe. Niliibana kwa meno. Sikutegemea kwamba ingeniuma vile, lakini iliniuma nilipomwona mtu mzima yule akikunjamana uso kama siku niliyomrudisha nyumbani kwa kukosa sare.

"Kastaafu ualimu, kastaafu na adabu," mama mmoja akasema pembeni.

Nilimpita. Niliwapita wote, nikausukuma mlango wa tabibu kukiwa na mtu ndani. Nyuma yangu nesi akapaza sauti, "Mama, kuna foleni hapo!" Na yeye sikumjibu.

Tabibu wangu hakuwepo. Alikuwa semina, na kwenye kiti chake alikaa kijana mgeni, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo mama, karibu. Habari za asubuhi? Mbona tunaingia bila kuitwa, mama yangu?"

Niliweka karatasi mezani, nikaweka chupa juu yake, nikagonga kwa kidole kwenye zile herufi kubwa. Akasoma. Akanitazama. Akamwambia yule aliyekuwa ndani, "Samahani sana, mzee, tupishe kidogo," na kabla mzee hajamaliza kuinuka nilikuwa nimeshavikwa kipimo cha kidole. Themanini na tisa. Akahesabu pumzi zangu akitazama saa, midomo ikimcheza. Akasikiliza mgongo. Kisha pampu na chupa: bonyeza, vuta, shikilia, tena, tena, na kupumzika, na tena. Akanipa vidonge vya kutuliza uvimbe wa mirija, nikavimeza pale pale, na dawa ya kuua vijidudu kwa sababu ya yale makohozi ya kijani.

Halafu akafungua droo akatoa kitabu cha rufaa.

Nilimnyang'anya kalamu. Nasema nilimnyang'anya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikaandika nyuma ya karatasi yangu: Nipime tena baada ya saa moja.

"Mama, mimi siwezi kubishana na kifua."

Nikaandika: Wala mimi.

Alikuwa na busara kuliko koti lake. Alimpigia simu tabibu huko semina, wakazungumza, kisha akaniambia masharti. Nitakaa pale nikiangaliwa. Kipimo kikishuka, au baada ya saa moja maneno yakiwa bado hayatoki, naondoka kwa gari la wagonjwa, na ubishi hapana. Nikaandika nimekubali, nikatia sahihi. Na nilikuwa nimekubali kweli. Nyumba naipenda, lakini sikuijenga ili nije kufia humo kwa ukaidi. Kama kifua kingekataa ningepanda gari lile mwenyewe, na Dodoma ningekwenda.

Nikakaa kwenye kiti cha pembeni, viwiko juu ya magoti, nikitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama ninayepuliza uji. Niliogopa. Sijui kwa nini watu wanapenda kusema kwamba hawakuogopa. Niliogopa kufa na niliogopa chumba cha wageni cha Dodoma, na siwezi kukwambia kipi kilikuwa mbele ya kipi. Wagonjwa waliingia na kutoka, kila mmoja akinisalimia, na kila mmoja nikamwinulia kiganja. Kufikia wa tano aibu ilikuwa imeniisha.

Saa moja ilipofika kijana alinivika kipimo. Tisini na mbili. Akahesabu pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Haya mama, niambie kitu. Kirefu."

Nikamwambia, "Mlango wako huu unalia vibaya, mwambie fundi aje atie mafuta kwenye bawaba kabla sijarudi hapa kesho asubuhi."

Alicheka mpaka nesi akachungulia. Akanifungia vidonge vya siku tano, akanieleza nimeze vya uvimbe asubuhi nikishakula, na dawa ya vijidudu nimalize hata nikijisikia vizuri, na nirudi kesho na keshokutwa anione kwa macho. Kisha akanirudisha nyuma kama mwanafunzi: dalili gani zikinipata naenda hospitali bila kumngoja yeye? Nikazitaja zote. Nilipotoka, mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa bado anangoja dawa za mwanawe.

"Marahaba, baba," nilimwambia. "Na ile ya pili nayo, marahaba."

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nilijua pia kwamba alikuwa ameshamsimulia mkewe kwa simu, na mkewe alisoma na binti yangu mkubwa, kwa hiyo habari ilikuwa imeshafika Dodoma kabla sijafika nyumbani.

Binti yangu alikuja siku ya tatu mchana, manyunyu yakianza. Alikuwa na begi kubwa la magurudumu, na kwa namna alivyolipandisha ngazi kwa kidole kimoja nikajua ni tupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu. Hilo la nini?"

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikilazwa. Sijalazwa. Nilikwenda kwa bodaboda nikarudi kwa bodaboda, na leo nimetoka zahanati wameniona kwa mara ya pili. Kawaulize."

"Ungeweza kufa, Mama."

"Ningeweza, ndiyo. Kaa nikueleze ningekufaje."

Nikamweleza yote. Pazia nililolifunga, simu niliyoizima, ufagio, na ukuta nilioegemea. Nikamweleza kwamba karatasi ilishaniambia niende na miguu ilikuwa tayari, na kilichonirudisha ndani ni ile hukumu yao ya pale kitandani. "Ugonjwa sikuuogopa," nikasema. "Nilikuogopa wewe. Mwanangu mwenyewe. Ungepigiwa simu uje kuzika, na ungesema Mama alikuwa mkaidi."

Aliketi juu ya begi lake, nalo likabonyea. Alilia kwa muda mrefu, nami nikamwacha, maana na mimi nilikuwa nalia.

"Mimi kule sikai vizuri, Mama," akasema. "Simu ikiita asubuhi naogopa kuipokea."

"Najua. Basi nitakupigia mimi. Kila asubuhi, majibu matatu, ya kweli, hata yakiwa mabaya. Na wewe usinitishie nyumba yangu tena. Nikilazwa, nimelazwa. Nikitoka, narudi hapa."

"Na siku ukishindwa kabisa kujiangalia?"

"Siku hiyo nitakwambia kabla hujaniuliza."

Alifuta uso kwa ncha ya khanga yangu, akaenda jikoni kutafuta chakula. Nikasikia akihangaika na gesi, ilikuwa imeisha. Baada ya muda kidogo harufu ya mkaa unaoshika moto ikanifikia sebuleni, kifua kikaanza kujikaza. Nilikwenda hadi mlangoni. Alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa pale katikati, jikoni kwangu, analipepea kwa mfuniko.

"Toa jiko nje," nilimwambia.

"Mama, mvua inanyesha."

"Naiona. Toa jiko nje. Humu ni kwangu."

Alinitazama, na nilidhani tutaanza upya. Kisha akaokota vitambaa viwili, akalishika jiko pande zote mbili, akalitoa uani. Alisimama pale kwenye manyunyu, mwavuli wangu ameushikilia juu ya sufuria, mgongo wake ukilowa, mpaka chakula kikaiva.